Callixte na Simu Inayoganda

Asubuhi ya Mubi, mji mdogo wa Walikale kule Kivu, huanza na kelele za magari. Malori yaliyolala barabarani yanawashwa, pikipiki zinapiga honi, na wenye maduka wanafungua milango yao ya mabati. Kila asubuhi Callixte aliamka, akanawa uso, akaenda kusimama kando ya barabara pamoja na wanaume wengine wanaosubiri kupakua mizigo. Mtu huyu alizaliwa juu ya milima ya Masisi, akalima maharage na viazi maisha yake yote. Sasa alikuwa anabeba magunia ya watu. Vita ndivyo vilivyompa kazi hiyo, yeye hakuiomba.

Kwao ni Kashuga. Siku vita vilipofika kule, Callixte alikuwa shambani na binti yake Igiraneza, msichana wa sekondari. Mke wake, Dancille, alikuwa amekwenda sokoni na mtoto wao mdogo, Manzi. Risasi zikaanza kulia katikati ya shamba na soko. Watu wakakimbia, kila mmoja na njia iliyokuwa mbele yake. Callixte na binti yake walitembea, wakapata lori, wakatembea tena, mpaka wakatokea Mubi, mbali kabisa ndani ya Walikale. Dancille na Manzi walikimbilia upande mwingine. Tangu siku hiyo walikuwa hawajaonana.

Kati yao ilibaki simu moja tu, nayo ilikuwa mfukoni mwa Callixte. Dancille hakuwa na simu, lakini namba ya mume wake aliijua kwa kichwa. Kila alipofika mahali penye reseau, yaani mtandao wa simu, alimwomba simu mpita njia: dereva, mchuuzi, mwenye pikipiki, yeyote mwenye huruma. Mara nyingi alimpata mtu kama huyo saa za alasiri, watu wanapopumzika. Hapo alipiga.

Na simu ya Callixte ililia. Tatizo halikuwa kulia. Tatizo ni kwamba ilikuwa inaganda.

Msomaji, labda unaijua shida hii. Simu inalia, jina au namba inaonekana, unavuta kile kitufe kijani cha kupokelea, hakivutiki. Unavuta tena. Unafuta kidole kwenye suruali, unavuta tena. Simu inakutazama tu. Inalia mpaka inanyamaza, halafu kioo kinakuwa cheusi, na unabaki unangoja irudishe akili yake. Callixte alipofaulu kuipiga tena ile namba, saa nzima ilikuwa imepita. Aliyejibu alikuwa yule mwenye simu, naye alikuwa ameshakwenda mbali na safari zake.

“Yule mama wa mutoto?” mmoja alimwambia. “Nilimuacha kule Pinga, kaka. Mimi niko mu njia. Pole sana.”

Mwingine alisema alimwona karibu na soko fulani. Mwingine hakukumbuka hata sura. Hivyo Callixte alijua kwamba mke wake yuko hai na kwamba anatembea, lakini kila alipojua yuko wapi, tayari alikuwa hayuko pale tena. Jioni Igiraneza alikuwa anaitazama ile simu, na baba yake aligeuza uso pembeni. Ilimuuma sana. Mke wake alikuwa anamwita, na yeye alikuwa amekaa pale pale, hajibu.

Sasa lazima niwaeleze habari ya mise, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini shida hii ilidumu hivyo.

Kule Kashuga kulikuwa na mama mmoja, Léontine, mwekaji wa akiba za watu. Alipita kila siku mbele ya meza za sokoni na karatasi zake ngumu. Kila mwenye karatasi alimpa pesa kidogo, na mwisho wa mwezi alirudishiwa chake. Hizo pesa kidogo za kila siku, watu wote wa Kivu wanaziita mise. Siku ukiwa huna kitu, unamwambia Mama Léontine apite baadaye. Anacheka, anapita. Callixte aliijua mise vizuri.

Basi, siku moja, zamani kabla ya vita, simu yake ilimwandikia maneno ya Kifaransa: « Mise à jour du système disponible ». Callixte alisoma madarasa machache, lakini Kifaransa cha kuunganisha maneno mawili hakikumshinda. Mise anaijua. Jour ni siku. Akaunganisha: mise ya kila siku. Kumbe hawa watu wa simu nao wanataka mise yao! Chini ya maneno yale kulikuwa na mahali pawili pa kubonyeza. Mahali pamoja paliandikwa « Installer », yaani sakinisha, na mahali pengine « Plus tard ». Plus tard ni baadaye. Callixte akabonyeza « Plus tard » na kucheka peke yake, kama mtu aliyemkwepa mdai kwa njia ya nyuma.

Kuanzia hapo, kila maneno yale yaliporudi, alibonyeza « Plus tard ». Akawafundisha na wengine. Igiraneza alipomwambia, “Papa, pengine iko kitu ingine,” baba alimjibu kwamba yeye alianza kutoa mise kabla mtoto hajazaliwa. Kichwa chake kilikuwa kigumu kama cha wanaume wengi wa milimani. Msimcheke sana. Hakuna aliyemfundisha, na neno lenyewe lilimtega.

Simu iliendelea kuzeeka ndani kwa ndani. Pale Mubi mbeba mizigo mwenzake, mtu mwema tu, alimwona anahangaika akamwambia kuna programu inayoongeza mbio za simu. Akamtumia kiungo kwa WhatsApp. Callixte akakifungua, programu ikaingia. Kwa kweli ikaleta picha ya roketi inayoruka. Halafu ikaleta matangazo ya vitu asivyovijua, moja juu ya jingine, na simu ikawa nzito kuliko mwanzo. Ikaanza hata kupata moto mfukoni.

Alasiri moja simu ililia tena. Callixte alikuwa na gunia begani. Alilitupa chini, akashika simu kwa mikono miwili, akavuta kile kijani. Hakikusogea. Igiraneza alikuwa karibu, akamnyang’anya simu, naye akavuta. Hakikusogea. Ikalia, ikalia, ikanyamaza. Safari hii Igiraneza hakunyamaza. Alimwambia baba yake kwamba mama atachoka. Atafikiri wao ndio hawataki kumjibu, na siku moja ataacha kupiga.

Baadaye, simu ilipokubali, alipiga ile namba. Mtu aliyejibu alisema mama yule alikuwa Kashebere, kijiji kilichoko mpakani mwa Walikale na Masisi, na kwamba alionekana mgonjwa wa kuchoka. Huyo mwenye simu alikuwa ameshaondoka pale.

“Twende kwa Mama Adrienne,” Igiraneza alisema. Hakuuliza, alitangulia.

Mama Adrienne ni mfanyabiashara aliyetoka Butembo. Mume wake yuko kwenye malori, yeye yuko dukani. Anauza sabuni, chumvi, betri, vitambaa, na pembeni ana meza ya simu, ambapo anachaji kwa umeme wa jua na kutengeneza kile anachoweza. Kile asichoweza, anakuambia mapema. Ana mdomo mwepesi wa kutania watu, lakini Jumapili utamkuta mstari wa mbele kanisani na kitambaa cha Mama Maria.

Callixte aliweka simu mezani akaeleza kwamba imekufa nusu. Mama Adrienne akaiwasha. Pale pale yakatokea yale maneno: « Mise à jour du système disponible ». Kidole cha Callixte kikaruka haraka kuelekea « Plus tard ».

“Usifinye pale, mama. Ile iko wizi.”

Mama Adrienne akauzuia mkono wake. “Wizi gani?”

“Wanaomba mise. Mise ya kila jour. Miaka yote mimi ninawakatalia.”

Mama Adrienne alimtazama, akamtazama Igiraneza, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa chumvi. Wateja wawili wakacheka naye bila kujua sababu. Callixte alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Ndipo Igiraneza akasema kwa sauti ndogo kwamba mama yake anapiga simu hii, na simu hii haipokei. Mama Adrienne akaacha kucheka. Akajifuta macho, akamwomba Callixte msamaha, akamvutia kiti.

“Papa Igiraneza, sikia,” alisema. “Ile haiko mise ya sokoni. Mise à jour, maana yake njo kuchukua kitu kilibaki nyuma na kukileta mu siku ya leo. Hakuna mutu anakuomba kitu.”

Kisha akaeleza, polepole, na mimi nitawaeleza kama yeye alivyoeleza. Ndani ya kila simu kuna kitu kinachoongoza kazi zote: kupiga, kupokea, picha, WhatsApp, vyote. Kitu hicho kinaitwa sistemu. Wale waliotengeneza simu hawakuiacha hivyo hivyo. Kila mara wanaona mahali palipo na kasoro, wanapatengeneza, halafu wanatuma matengenezo hayo kwa kila mwenye simu ile. Programu kama WhatsApp nazo zinakua kila mwaka, zinataka nguvu zaidi. Simu iliyobaki na sistemu ya zamani inazibeba kwa shida.

“Unajua barabara yetu hii,” alisema Mama Adrienne akionyesha nje, ambako lori lilikuwa limezama kwenye matope tangu jana. “Lori iko na motere muzuri. Dereva iko muzuri. Lakini barabara haitengenezwi, njo maana inalala pale. Siku watu wa barabara wakipita, wakafungua mifereji, wakajaza mashimo, lori ile ile itapita mbio. Mise à jour njo watu wa barabara. Na wewe unawafukuza kila asubuhi.”

Callixte akashika tama.

Mama Adrienne hakutaka kumdanganya. Alimwambia kwamba mise à jour haileti reseau mahali ambapo hakuna. Haiwezi kuifanya simu kuukuu kuwa mpya. Simu nyingine zimezeeka mno, hazitumiwi matengenezo tena, na nyingine zikipewa sistemu kubwa zinachoka zaidi. Alisema pia kwamba baada ya kazi hiyo simu inaweza kubaki nzito kwa muda, maana inapanga vitu vyake upya. Kwa bahati, simu ya Callixte ilikuwa bado ya kutumiwa matengenezo. Wenye kuitengeneza walikuwa wameandika wazi kwamba sistemu hii mpya inafanya kioo kiitike haraka.

Callixte akauliza kwa nini asiweke kadi yake ya SIM katika simu ndogo ya touche, ile ya vitufe, waachane na habari hizi. Swali lilikuwa zuri. Mama Adrienne akaitoa kadi ile akamwonyesha: ilikuwa imekatwa kwa makasi mpaka imebaki kidogo kama ukucha. Simu za touche alizokuwa nazo hazikuishika. Akairudisha mahali pake, akamwambia arudi kesho mapema, kabla ya kazi.

Hapo Callixte akauliza swali jingine. Simu itazimwa?

“Itazima yenyewe, halafu itawaka yenyewe. Katikati hakuna mutu ataweza kukupata.”

“Na kama mama ya batoto anapiga ule wakati?”

Mama Adrienne alifikiri. Akamuuliza mke wake hupiga saa gani. Callixte akajibu: alasiri, karibu kila mara. Basi, wakakubaliana kwamba asubuhi kazi itakuwa imekwisha, na alasiri simu itakuwa macho.

Kesho yake walifika duka likiwa linafunguliwa. Mama Adrienne alianza kwa kuiondoa ile programu ya roketi. Akamwambia Callixte asifungue tena kiungo cha mbio za simu kinachotumwa kwa WhatsApp, hata kikitoka kwa rafiki. Mise à jour ya kweli haiji kwa ujumbe wa mtu. Inatafutwa ndani ya simu yenyewe, pale palipoandikwa « Paramètres », yaani mipangilio.

Halafu wakatafuta nafasi. Simu ilikuwa imejaa mpaka shingoni: video za kwaya, video za vichekesho, picha moja imetumwa mara nyingi na watu mbalimbali. Igiraneza alikuwa anachagua, Callixte alikuwa anakubali. Walipofika kwenye picha za Dancille na Manzi, Mama Adrienne hakugusa kitu kabla hajazinakili kwenye kadi ndogo ya kuwekea picha. Aliitoa ile kadi akampa Callixte mkononi. Alisema kwa kawaida mise à jour haifuti picha, lakini kitu usichotaka kukipoteza usikiache mahali pamoja tu. Callixte akaifunga ndani ya leso, akaiweka kwenye mfuko wa shati.

Kisha akaiunganisha simu na wifi ya duka, ili isile mega, yaani intaneti aliyoilipia Callixte. Akaiweka kwenye umeme. Akaonyesha mahali pa kubonyeza, akamwachia Callixte mwenyewe abonyeze. Akabonyeza « Installer ». Hapo mwanzo alikuwa akibonyeza upande wa pili kwa furaha.

Matengenezo yakaanza kushuka. Na mvua nayo ikaanza kushuka. Mnaijua mvua ya msitu wa Walikale: ikianza, haina habari na mipango ya mtu. Wifi ya duka, iliyotegemea antene, ikawa inakuja na kuondoka. Kile kistari cha kuonyesha kazi kilisogea kama konokono. Asubuhi ikapita hivyo. Callixte hakwenda kubeba mizigo. Alikaa pale, roho mkononi. Mchana ulikuwa umekwisha kuingia wakati simu ilipoandika kwamba kila kitu kimeshuka na sasa iko tayari kujizima.

Callixte akataka waache mpaka kesho. Mama Adrienne akamwambia uamuzi ni wake. Angeweza kungoja kesho, lakini kama Dancille angepiga leo, simu ingelia na kuganda kama siku zote. Callixte alifikiri, akatazama nje, akaona mvua imepungua na saa ya mke wake bado haijafika. Akabonyeza. Mama Adrienne akafanya ishara ya msalaba. Simu ikazima.

Ikakaa. Kioo kilionyesha alama ya kampuni na duara linalozunguka. Likazunguka. Mvua ikaisha kabisa, jua likatoka, wanaume wakarudi barabarani. Duara likaendelea kuzunguka. Saa za alasiri zikaingia, zile saa zenyewe. Callixte akaanza kutembea mle dukani, mlangoni na mezani, mezani na mlangoni. Jasho likamtoka. Mwishowe akainyakua simu, akaweka kidole kwenye kitufe cha kuzimia, akasema atairudisha ilivyokuwa, heri igande lakini ilie.

Mama Adrienne akamshika mkono kwa nguvu. Hapakuwa na utani usoni pake.

“Ukiizima sasa, inaweza kufa kabisa. Haitawaka tena, na mimi sitaweza kuiamsha. Iko katikati, Papa. Haiko ya zamani, haiko ya mupya. Uiache ifike.”

Igiraneza akasema, “Papa, tafadhali.”

Callixte akairudisha mezani. Akakaa chini, akaficha uso mikononi. Alikuwa anaogopa, na hakujali tena nani anamwona. Alifikiri juu ya Dancille amesimama mahali pale Kashebere, ameazima simu ya mtu, anasikia mwanamke wa kampuni akimwambia kwa Kifaransa kwamba namba hiyo haipatikani.

Duara likasimama. Kioo kikawaka. Zile alama za programu zikatokea, kila moja mahali pake, na simu ikaomba tu namba ya siri kama kawaida. Callixte akaandika. Ikafunguka papo hapo, kabla hajainua kidole. Alizoea kungoja, kwa hiyo alibaki anangoja, mpaka Igiraneza akamwambia kwamba imekwisha funguka.

Ndipo ujumbe ukaingia. Ulitoka kwa kampuni ya simu: namba fulani ilijaribu kukupigia wakati simu yako imezimwa. Ilikuwa namba asiyoijua.

Callixte aligusa ile namba. Simu ikapiga mara hiyo hiyo. Hapakuwa na kuganda, wala kioo cheusi. Upande wa pili mwanaume akajibu, mwenye duka la barabarani pale Kashebere. Callixte akamuuliza kama kuna mama aliyeomba simu yake.

“Ndiyo, sasa hivi,” alisema yule mwanaume. “Ametoka kwangu analia. Bado ninamuona pale barabarani. Ngoja nimwite.”

Wakasikia anaita kwa sauti kubwa. Wakasikia pikipiki ikipita. Wakasikia viatu vya plastiki vinavyopiga kwenye matope, vinakuja mbio. Halafu pumzi ya mtu.

“Alo?”

“Dancille,” alisema Callixte. “Njo mimi, Callixte.”

Kimya. Alifikiri imeganda tena. Kumbe upande ule Dancille alikuwa amekaa chini, katikati ya mlango wa duka la watu.

“Uko muzima,” alisema mwishowe.

“Niko muzima. Igi iko hapa. Siku zote nilikuwa nasikia unaita, nilishindwa kupokea. Simu ilikuwa na ugonjwa. Unisamehe.”

“Mimi sikukasirika kama hupokei,” Dancille alisema. “Nilikuwa naita ili nisikie inalia tu. Kama inalia, kuko mutu anaiweka ku moto, anaichaji. Njo nilikuwa najua bado uko. Nilikuwa namwambia Manzi: Papa iko, simu yake inalia. Leo haikulia, Callixte. Nikatoka kwa ule duka, nikawa natafuta vile nitamwambia mutoto.”

Callixte alilia mbele ya wateja wote. Mama Adrienne akageuka, akaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Igiraneza akachukua simu kwa baba yake, akaongea na mama, na kitu cha kwanza alichomwambia ni mahali walipo: Mubi, duka la Mama Adrienne, karibu na mahali malori yanapopakuliwa. Akamwomba arudie maneno hayo. Dancille akayarudia. Akamwomba asitoke Kashebere, alale pale pale mpaka wapate gari.

Simu ile haikuganda tena kama zamani. Si kwamba ikawa mpya, hapana. Ikiwa na picha nyingi inachoka, na reseau ikiondoka inaondoka kama ya kila mtu. Lakini ikilia, inapokelewa. Callixte akawa anawaambia wabeba mizigo wenzake, bila kuona haya, kwamba yeye aliwafukuza watu wa barabara kwa miaka. Aliwaonyesha mahali pa « Paramètres ». Aliwaambia watoe takataka kwanza, wanakili picha zao, wajaze chaji, watafute wifi, na wakishaanza wasiizime. Aliwaambia pia jambo ambalo hakuna aliyemfundisha: kama kuna mtu anayekutafuta, mwambie kabla hujaizima. Watu walikuwa wanakuja dukani kwa Mama Adrienne wakisema wametumwa na Papa Igiraneza.

Dancille na Manzi walifika na lori la mume wa Mama Adrienne, wamekaa juu ya mizigo, wamejaa matope mpaka kwenye nywele. Callixte alikuwa na gunia begani aliposikia jina lake. Safari hii alilishusha polepole. Manzi alikuwa amerefuka. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kuhakikisha, halafu akamuuliza kwa nini alikuwa hajibu.

“Nilikuwa sijui namna,” Callixte alimwambia, akambeba.